Mtani Wangu wa Huduma kwa Wateja

Niseme mapema kwamba mimi nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akaogopa kunipokea. Kwa hiyo atakayesoma haya akaona nimewasema watu vibaya, ajue nimejizuia sana. Nilichoandika mwanzo, hata mimi mwenyewe nilikisoma nikakichana.

Neno lililonifikisha hapa ni "usijali". Sijui nani aliwafundisha watu wa huduma kwa wateja neno hili, lakini huyo mtu ningependa siku moja tukutane uso kwa uso, na mimi niwe nimeshakula nimeshiba.

Mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kibuta, Kisarawe, palepale tulipozaliwa. Anafundisha Kiswahili darasa la sita na la saba. Mimi niliolewa Kibaha, nikakaa hukohuko, Mbwawa, na kuku wangu na shamba langu la mihogo, yeye akabaki na mji wa baba. Miaka ya karibuni macho yake yakaingiwa na presha, ile presha ya macho isiyouma wala kuwasha. Inakumega kutoka pembeni, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, mpaka unajikuta unaona kama unachungulia kwenye tundu la mlango. Nilimpeleka mimi hospitali, Dar. Daktari alipomaliza kumpima alimwacha kwenye benchi, akaniita mimi pembeni kama walivyo na desturi hiyo, akanieleza. Nikatoka, nikamwambia mdogo wangu mambo si mabaya, tukarudi nyumbani na chupa za dawa ya matone.

Darasani hana shida. Vitabu vile amefundisha miaka ishirini, anavijua ukurasa kwa ukurasa. Wanafunzi anawajua kwa sauti na kwa kikohozi. Mtoto akichelewa akajipenyeza mlangoni kwa kunyata, anamwita jina lake na kumuuliza kama usiku alikesha kwenye ngoma. Shida ni makaratasi. Mwalimu siku hizi ni makaratasi: azimio la kazi, andalio la somo, mtihani wa wiki, taarifa ya hili na lile. Yeye akisema, mkewe akiandika. Wifi yangu yule ana mwandiko mzuri wa duara, na huo mwandiko mzuri ndio uliowaponza.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, na ndiyo maana nashindwa hata kumtukana. Alimwita ofisini kabla ya likizo ya katikati ya mwaka, akamwambia: "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wakaguzi wakija nitawaambia nini? Maandalio yote haya ni mkono wa mkeo. Shule zikifunguliwa, siku ya kwanza, nataka andalio uliloandaa mwenyewe, na nikikuuliza kilichomo unisomee mwenyewe. Ikishindikana itabidi niandike barua, wakupumzishe."

Wampumzishe! Mwanamume hajafika hata miaka hamsini, apumzike na nini? Akae barazani asikilize kengele ya shule ikigongwa na mtu mwingine?

Sasa mdogo wangu aliwahi kwenda semina ya walimu wenye matatizo ya macho, na huko alisikia kompyuta inasoma kwa sauti. Unachapa, inakutamkia ulichochapa. Ukikosea unasikia kosa lako. Kuchapa anajua, maana kabla ya chuo cha ualimu alikuwa mpiga taipu ofisi ya kata, na vidole havijasahau. Tatizo, ile ya semina ilikuwa inasoma Kiingereza. Aliponipigia simu kuniambia habari ya mwalimu mkuu, nikamwambia nitauza kuku wote ninunue hiyo kompyuta. Akasema: "Dada, kabla hujatoa hela waulize jambo moja tu. Je, inasoma Kiswahili, na inasoma bila mtandao?" Kwa sababu mtandao wa Kibuta ni kama mgeni wa heshima, anakuja anapotaka mwenyewe, na akija anasimama nyuma ya zahanati tu.

Nikaliandika swali lile nyuma ya kalenda ya duka la chakula cha kuku, nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Swali moja. La mstari mmoja. Nawaambia, swali hilo nimelisema mara nyingi kiasi kwamba nikiamshwa usingizini nitalisema kabla sijasema bismillahi.

Dukani Maili Moja, hapahapa Kibaha, kijana muuzaji alinipokea vizuri. Akanionyesha laptopu ya rangi ya fedha, akaifungua, akaifunga, akaigonga gonga kwa kidole. "Mama, hii mashine ni moto wa kuotea mbali." Nikamuuliza swali langu. Akaniambia kioo chake ni kikubwa. Nikamuuliza tena. Akaniambia betri inakaa saa nane. Nikamwambia, mwanangu, sijakuuliza betri. Akakuna kichwa, akanionyesha namba iliyoandikwa kwenye boksi: "Hayo ya kitaalamu piga huduma kwa wateja, mama. Wale ndio wenye majibu."

Nikatoka nje, nikasimama kivulini kando ya duka, nikapiga. Muziki. Simu yangu ni muhimu kwao, wakasema. Muziki tena. Simu yangu bado ni muhimu. Mwishowe akapokea binti mwenye sauti laini, ukisikia unatamani umpe posa kwa niaba ya mwanao.

"Shikamoo mama, karibu sana, nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Nataka kununua hii laptopu yenu." Nikamsomea namba ya boksi. "Ni kwa mtu asiyeona vizuri. Inasoma Kiswahili kwa sauti, bila mtandao?"

"Ndiyo mama, inasoma."

"Kiswahili?"

"Ndiyo mama."

"Bila mtandao? Mtandao ukiwa haupo kabisa?"

"Hakuna shida kabisa, mama."

"Wewe mwenyewe umewahi kuisikia ikisoma?"

Hapo akanyamaza kidogo. Kidogo sana, kama mtu aliyejikwaa akajirekebisha. Kisha akasema: "Usijali, mama."

Na mimi mjinga, mtu mzima na mvi zangu, sikujali. Nililipa hela yote ya kuku, nikapewa risiti yenye maandishi madogo kwamba mashine inarudishwa ndani ya siku saba ikiwa na hitilafu, nikalibeba boksi kifuani kama mtoto mchanga. Kesho yake asubuhi nikaenda Kisarawe, na kutoka mjini nikachukua bodaboda mpaka Kibuta, nikimwambia dereva kila kwenye shimo: polepole, polepole, nimebeba macho ya mtu hapa.

Wifi alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani. Mdogo wangu amevaa shati la kazini, siku ya likizo. Mpwa wangu mkubwa, binti anayesoma sekondari, akaiwasha, akatafuta kwenye mipangilio, akapata mahali pa kuwasha msomaji. Mdogo wangu akapapasa vitufe, akakuta vile viwili vyenye vinundu vya kuongozea vidole, akatabasamu. Vidole vikakaa mahali pake kama vile viliondoka jana. Akachapa: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Ile mashine ikasoma. Yarabi! Ilisoma kwa ulimi wa Kizungu, ikayatafuna yale maneno na kuyatema, hakuna hata moja lililotoka zima. Akachapa tena, polepole. Ikatafuna tena. Mpwa wangu akatafuta lugha kwenye orodha. Kiarabu kipo, Kichina kipo, Kiswahili hakuna. Akabonyeza mahali pengine pakaandika kwamba iunganishwe kwanza na mtandao. Akaizungusha ile mashine dirishani, mlangoni, hadi uani karibu na banda la mbuzi. Wapi!

Mdogo wangu alitoa mikono kwenye vitufe, akaiweka mapajani. "Sawa, dada. Umejitahidi."

Angenitukana ningepata nafuu. Wifi alitoka akaenda jikoni akawa anagonga masufuria bila kupika chochote. Mimi nilikaa pale nikaiangalia ile laptopu ya rangi ya fedha, na hasira zikanipanda kutoka kwenye kisigino. Siku ya shule kufunguliwa ilikuwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Na siku saba zile za kurudisha zilikuwa zimeshaanza kuliwa.

Nikahamia nyuma ya zahanati na simu yangu. Nikapiga. Safari hii akapokea mwanamume.

"Umeizima ukaiwasha tena, mama?"

"Kuizima na kuiwasha kutaifundisha Kiswahili?"

"Jaribu tu, mama, mara nyingi inasaidia."

Nikakata. Nikapiga tena, akapokea mwingine, akaniambia atanipa namba ya kufuatilia tatizo langu. Akanipa namba ndefu kuliko ya kitambulisho. Nikamuuliza, hiyo namba inasoma Kiswahili? Akacheka akidhani namfanyia mzaha. Baada ya saa moja ukaingia ujumbe: "Mpendwa mteja, tafadhali tutumie picha inayoonyesha tatizo." Ebo! Tatizo ni sauti. Nipige picha ya sauti? Nikawajibu hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Wakanijibu hapo hapo, kumbe ni mashine yenyewe inayojibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Je, umeridhika na huduma? Bonyeza moja kwa ndiyo." Na kwa hapana nibonyeze nini? Haikuandikwa.

Nilirudi Mbwawa nimeibeba laptopu yangu, sisemi na mtu. Siku ya pili nilipiga mara tatu. Siku ya tatu mara nne. Wote ni watoto wenye adabu, shikamoo zao zimenyooka, na wote wananiambia ndiyo. Ndiyo mama, inasoma. Ndiyo mama, labda hujaiseti vizuri. Ndiyo mama, tunalifanyia kazi. Hivi mnajua uchovu wa kuambiwa ndiyo? Mtu akikwambia hapana unageuka unatafuta njia nyingine. Ndiyo ya uongo inakuweka palepale, unasubiri.

Siku ya nne asubuhi, nimekaa kwenye kigoda mbele ya banda tupu la kuku, akapokea kijana ambaye sikuwahi kumsikia. Akaanza: shikamoo mama, karibu. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akasema: "Pole sana mama. Usijali, mashine inasoma lugha zote."

Hapo ndipo nilipopasuka.

"Wewe kijana, wewe ni kabila gani?"

"Mama, hilo halihusiani na..."

"Sema! Nataka nikikulaani nijue nielekee upande gani."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Mnyamwezi, mama. Wa Tabora."

Nilicheka vile nilivyokuwa sijacheka wiki nzima, kicheko kile cha hasira kinachowatisha kuku.

"Ahaa! Mpagazi! Babu zako walipita kwetu Uzaramo na mizigo kichwani, miguu imevimba kama viazi, tukawapa maji, tukawapa mihogo, tukawapa na mahali pa kulala. Hii ndiyo shukrani? Umekalia kiti cha kuzunguka mjini unamdanganya mtani wako mchana kweupe? Rudi kwenu ukale matobolwa, viazi vyenu vya kukausha!"

Nikajua atanikatia simu. Kisha nikasikia pumzi inatoka, na sauti ikabadilika, ile sauti ya asali ikaondoka akabaki mtu.

"Kumbe Mzaramo! Si ungesema tangu mwanzo? Kelele zote hizi nikadhani mnamtoa mwali. Na Mzaramo na kompyuta wapi na wapi? Nyie si mnataka spika tu za kupigia ngoma za vigodoro?"

Kwa asiyejua, huyu hakunitukana. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi hizo za misafara, na utani huo ni kitu kizito. Kwetu mtu akifa, ndugu wote wanasema marehemu alikuwa mkarimu. Mtani ndiye anayesimama katikati ya msiba na kusema huyu alikuwa bahili, nimekunywa chai kwake haina sukari, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani anaruhusiwa. Zaidi ya kuruhusiwa, ndiyo kazi yake, na akifika msibani akakaa kimya kwa adabu watu wanaona ametutupa.

Basi nikaishika kamba hiyo hiyo. "Mtani, sasa nakuuliza kama tupo msibani. Mashine hii inasoma Kiswahili bila mtandao?"

"Sijui, mtani."

Wallahi nilitaka kulia. Siku nne, watu kumi na kitu, na huyu ndiye wa kwanza kulitoa neno hilo mdomoni.

"Haya, na wenzako wanajua?"

Akateremsha sauti. "Hapa hakuna anayejua. Tumepewa karatasi ya majibu. Mle kuna betri, kuna kioo, kuna waranti. Mtu asiyeona hayumo, na Kiswahili hakimo. Mteja akiuliza kisichokuwemo tunasema ndiyo, usijali. Ukisema sijui, wanaosikiliza simu wanakukata alama."

"Kwa hiyo sasa hivi wanakukata?"

"Watakuwa wameshanikata mpaka mguu. Nipe mpaka kesho. Saa ya kula nitakwenda kwenye mashine ya maonyesho, nizime mtandao, nijaribu mwenyewe. Huyo asiyeona ni nani wako?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya mwalimu mkuu, na Jumatatu, na barua.

"Basi kesho."

"Ukinidanganya, siku ya msiba wako nitakuja nilikalie jeneza."

"Njoo, ila uje na pilau. Wazaramo mnakuja mikono mitupu."

Kesho yake mchana alinipigia kwa namba yake mwenyewe, niliyasikia magari nyuma yake, ametoka nje ya ofisi. Hakunisalimu. "Mtani, ulidanganywa. Haisomi. Nimejaribu tatu tofauti, hakuna hata moja inayokuja na sauti ya Kiswahili ndani yake. Usiirudishe ukachukua nyingine hapa kwetu, utapata hiyo hiyo kwa rangi tofauti."

Akaendelea: "Lakini sikiliza, usianze kulia, nyie mna machozi karibu. Ipo programu ya bure, wameitengeneza kwa ajili ya wasioona. Hiyo ina Kiswahili, na ukishaiweka haihitaji mtandao. Nimeijaribu leo. Tatizo, mashine yako imefungwa kiwandani ikubali tu programu za kwenye duka lake lenyewe la mtandaoni. Hiyo kufuli inafunguliwa mara moja tu, na siku hiyo moja lazima uwe na mtandao mzuri. Kwa hiyo usiende nayo Kibuta kwanza. Ifungulie Kibaha."

"Na itasoma vizuri?"

"Vibaya. Itasoma kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Lakini ni Kiswahili, utakielewa. Na jambo jingine, mtani, nakwambia mapema: insha za wanafunzi zilizoandikwa kwa mkono haitazisoma. Usiende ukamwambia mdogo wako itazisoma."

Jamani, kuna utamu gani katika kuambiwa ukweli mbaya! Nilimwambia Mnyamwezi wewe una akili kumbe, akasema akili tulikuwa nayo tangu zamani, nyie ndio mlikuwa mnacheza ngoma hamkuiona.

Kuna mama mmoja ana duka la stationery karibu na kwangu, anachapa barua na kutoa kopi. Nikaenda kwake na laptopu na bando nililoliweka makusudi. Mtani tukamweka kwenye spika, juu ya mashine ya kopi. Yeye akisema, yule mama akibonyeza. Hatua moja, subiri. Hatua nyingine, imekataa, rudi nyuma. Mara mbili tulikwama. Mara ya pili mtani akasema, "Hapa sijui, nipe dakika kumi niulize," akakata, na baada ya dakika tisa akapiga. Watu waliokuja kutoa kopi wakawa wanasubiri, wengine wakawa wanatusikia tunavyotukanana wakadhani ni ndugu. Alasiri ile mashine ikafunguka mdomo. Ikasema: "Karibu." Sauti ya debe kweli, mbaya haina mfano. Yule mama wa stationery alipiga vigelegele.

Kibuta nilifika Ijumaa. Sikumwambia mdogo wangu kitu, nilimwekea tu mezani, nikamshikisha vitufe. Akachapa yale yale: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Na lile debe likamrudishia, neno kwa neno. Akachapa andalio kichwa chini mpaka Jumapili, akila kwa mkono mmoja. Habari ya insha nilimweleza pale pale kama nilivyoelezwa, na yeye akafikiri kidogo akasema basi kila mtoto atasimama aisome insha yake mwenyewe darasani, na wenzake wamsahihishe, mbona hilo ni bora zaidi.

Jumatatu mwalimu mkuu alimuuliza kilichomo katika kipengele cha tatu. Mdogo wangu akabonyeza, debe likasoma mbele ya walimu wote ofisini. Wifi ndiye aliyenipigia kunihadithia, maana mwenyewe alikuwa darasani. Barua haikuandikwa. Nilimpigia mtani kumwambia, akasema sasa analeta bili yake ya uganga, nikamwambia asubiri mihogo ikikomaa.

Ningependa niishie hapo, nikiwa nimeshinda na nimemtukana kila anayestahili. Lakini mwezi mmoja baadaye nilikwenda Kibuta Jumamosi, nikamkuta peke yake. Wifi na watoto wako shamba. Tukanywa chai, tukazungumza habari za ndugu. Nikamsimulia tena ile hadithi ya huduma kwa wateja, naipenda kuisimulia, namwigiza yule binti na "usijali mama" yake, na mdogo wangu huwa anacheka mpaka anashika mbavu. Siku hiyo hakucheka. Akaisogeza laptopu karibu, akachapa taratibu. Nikadhani anataka kunionyesha jinsi alivyopata kasi. Akabonyeza, na ile sauti ikasema katikati ya chumba:

"Dada. Siku ile hospitali, daktari alikwambia nini."

Nilifungua mdomo. Na neno lililokuja, lililokuja lenyewe na kufika mpaka kwenye meno, lilikuwa "usijali". Maana ndilo nililomwambia siku ile kwenye benchi. Usijali, matone yatafanya kazi, macho yatarudi, Inshallah. Na kila aliponiuliza baada ya hapo, kwenye simu, kwenye Idi, kwenye arobaini ya baba mdogo, nilimjibu hivyo hivyo, na shikamoo yake nikaiitikia vizuri.

Nikalimeza. Nikamwambia: "Alisema hayatarudi. Alisema matone ni ya kuzuia yasiishe haraka, basi. Akasema uanze mapema kujifunza kazi bila macho, ukiwa bado unaona kidogo."

Alikaa na vidole juu ya vitufe bila kubonyeza. Kisha akasema kwa mdomo wake mwenyewe: "Miaka miwili, dada. Miaka miwili nimekaa nasubiri yarudi. Ungeniambia, ningeanza na mashine hii wakati ule bado naziona herufi."

Nikamwomba radhi. Akauliza, "Kuna kingine alichosema?"

"Kipo."

"Kiseme chote."

Nikavuta kigoda karibu yake, nikamwambia chote.